Petroli Yenye Spiriti na Injini Zetu za Zamani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.



Tumeombwa tuseme juu ya petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa, ambayo wataalamu huiita ethanoli. Jambo hili limeulizwa hapa mara tatu, na kila mara tulilisukuma mpaka mkutano mwingine kwa sababu ya mambo ya mishahara. Leo hatulisukumi tena. Wengi wetu tuna motokaa zilizonunuliwa zikiwa kuukuu tayari. Wengine wana pampu ya maji shambani, wengine jenereta, na chama chetu cha akiba kina mashini mbili za kukata majani ambazo vijana wetu wanazitumia kupata chochote siku za mapumziko. Injini hizi zikifa, hakuna wa kutununulia nyingine.

Kwanza tuondoe uwongo mmoja. Kuna watu wanaosema petroli hii ni uvumbuzi wa juzi, tena ni hila ya wazungu. Si kweli. Hapa kwetu Kenya kiwanda cha spiriti kilijengwa Muhoroni, mahali ambapo sisi wa reli twapajua vizuri, maana ni stesheni yetu kwenye njia ya Nakuru kwenda Kisumu. Tangu mwaka 1983 spiriti ya pale, iliyotengenezwa kwa molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki sukari ikisha kutolewa, ilichanganywa na petroli kwa kipimo cha sehemu 10 katika 100. Watu waliiita gasoholi. Kazi ile ilikoma mwaka 1993. Zimbabwe walianza 1980 kwa kiwanda cha Triangle, na Malawi 1982 kwa kiwanda cha Dwangwa. Brazil walianza mpango wao mkubwa mwaka 1975, baada ya mafuta ya Uarabuni kupanda bei. Kwa hiyo wazee wetu waliostaafu waliitumia petroli hii miaka kumi, na wengi wao hawakujua.

Uingereza nao, mwezi wa Septemba 2021, waliifanya petroli ya 10 katika 100 kuwa ndiyo ya kawaida kwenye vituo vyao. Lakini waliacha ile yenye spiriti kidogo, isiyozidi 5 katika 100, iuzwe kama petroli ya daraja la juu, ili wenye magari ya zamani wasiachwe njiani. Tushike hilo, tutalirudia.

Sasa, spiriti hii inafanya nini ndani ya injini? Tukisema ukweli, si adui. Inawaka vizuri, na inazuia ule mgongano wa ndani ambao twauita kunoki. Wakati petroli yetu ilipokuwa ikitiwa risasi, risasi ilifanya kazi hiyo hiyo, na risasi ilikuwa sumu kwa watoto wetu mpaka ikaondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kufika mwanzo wa mwaka 2006. Tena kuna ndugu zetu wa mashamba ya miwa. Molasi ikipata soko, nao wanapata kazi. Chama cha wafanyi kazi hakiwezi kusimama na kusema spiriti ipigwe marufuku kwa sababu mashini yetu ya majani inakohoa.

Lakini ina tabia zake. Tabia ya kwanza ni kwamba haina nguvu sawa na petroli. Lita moja ya spiriti ina nguvu kama theluthi mbili za lita moja ya petroli. Ikiwa ni sehemu 10 tu katika 100, utapoteza kama 3 katika 100 za mwendo. Gari lililokuwa likienda kilomita 300 kwa tangi moja litakwenda kama 290. Hilo si la kulia, ila mwenye matatu ajue asije akamshika dereva kwamba anafyonza petroli.

Tabia ya pili ni hewa. Kilo moja ya petroli tupu inataka kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Spiriti inataka kilo 9 tu. Ukichanganya 10 katika 100, kipimo kinashuka hadi kama 14.1. Motokaa za siku hizi zina kifaa kwenye ekzosi kinachonusa moshi na kuamuru petroli iongezwe au ipunguzwe, basi hazina shida. Lakini kabureta ya Peugeot 504 au ya Land Rover ya zamani haina pua. Tundu la jeti ni lile lile alilolitoboa mwenye kiwanda. Kwa hiyo injini inapata hewa nyingi na chakula kidogo, inakuwa na njaa. Inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, inasitasita ukikanyaga, na inapata joto kuliko kawaida.

Hapa tuingize neno dogo ambalo mafundi wa Nairobi hawalisemi. Sisi wa nyanda za juu tuna bahati kidogo. Hewa ya Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huku kwetu inatoa petroli kupita kiasi. Spiriti inapunguza kule kupita kiasi. Mwenzetu wa Mombasa ndiye atakayeisikia njaa hiyo zaidi, na jua juu yake, maana petroli yenye spiriti inageuka mvuke upesi zaidi. Gari likisimama kwenye foleni, petroli inaweza kuchemka ndani ya paipu kabla ya kufika kwenye kabureta, na gari likazimika, likakataa kuwaka mpaka lipoe.

Tabia ya tatu ni kwamba inakula vitu. Mpira wa petroli wa zamani unavimba na kuwa laini, au unakauka na kupasuka. Kiwambo cha mpira ndani ya kabureta ya mashini ndogo kinakakamaa. Zile kabureta za zamani sana zenye boya la kizibo, boya lile limepakwa shelaki ili lisinywe petroli. Waulizeni maseremala wanayeyusha shelaki kwa kitu gani. Wanaiyeyusha kwa spiriti! Basi boya linavuliwa nguo yake, linalowa, linazama, na petroli inafurika juu ya injini yenye moto. Huo si ubovu wa kuchelewa kazini, huo ni moto. Mwenye gari la namna hiyo abadilishe boya, na abadilishe mipira yote kwa ile iliyotengenezwa kuvumilia spiriti. Muuze duka ukimwuliza akasema mpira ni mpira, toka uende duka jingine.

Tena spiriti inaosha. Tangi la gari la miaka 40 lina taka na gundi ya petroli iliyolala humo tangu gari likiwa jipya. Spiriti inaziamsha zote pamoja, zinakuja kujaa kwenye chujio. Mtu anasema petroli ni mbovu, kumbe ni uchafu wake mwenyewe. Abadilishe chujio baada ya matangi mawili au matatu ya kwanza, na aweke jingine kwenye gari.

Lakini tabia ya nne ndiyo iliyotufanya tusimame hapa, nayo ni maji.

Petroli tupu na maji havipatani. Maji yakiingia yanakaa chini, unayaona, unayamwaga. Spiriti inapenda maji. Inayavuta hata kutoka kwenye hewa, kama chumvi wakati wa mvua. Mwanzoni hakuna ubaya, maji yanayeyuka ndani yake na kupita kwenye injini. Lakini kuna mpaka. Petroli ya 10 katika 100, kwenye joto la kawaida, inaweza kubeba maji kama nusu ya sehemu moja katika 100. Katika mtungi wa lita 20 hayo ni kama nusu kikombe cha chai. Yakizidi hapo, au baridi ikiingia, maana baridi inashusha mpaka huo, spiriti inaiacha petroli na kushuka chini pamoja na maji. Sasa una vitu viwili ndani ya mtungi mmoja: juu petroli iliyopoteza nguvu ya kuzuia kunoki, chini maji na spiriti. Mtungi uliojazwa Kisumu mchana ukalala Timboroa usiku unaweza kufanya hivyo bila mtu kuugusa. Na injini inavuta kutoka chini ya tangi.

Kwa injini ya mizunguko minne, maana yake ni kwamba itazimika, na ndani ya kikombe cha kabureta utakuta unga mweupe, ambao ni madini yake yakiliwa. Kwa injini ya mizunguko miwili, ile tunayoitia oili ndani ya petroli, kama mashini ya kufyeka ya begani au msumeno wa injini, ni vibaya zaidi. Oili inakaa na petroli, haiendi na maji. Basi kile kinachovutwa kutoka chini hakina oili ya kutosha. Pistoni inakwenda kavu.

Tuwaambieni kisa cha mzee mmoja mstaafu wetu, ambaye ametupa ruhusa ila jina lake tuliache. Kabla ya kuingia reli, katikati ya miaka ya 1980, alikuwa mkata majani katika shule moja ya bweni. Alikuwa na mashini ya mizunguko miwili. Shule ikafungwa mwezi wa Aprili. Petroli iliyobaki, akisha kuitia oili kwa kipimo, aliiacha kwenye mtungi katika banda, na kifuniko cha mtungi kilikuwa kimepotea tangu mwaka uliopita, kwa hiyo uliwekwa gunzi la mahindi. Alikuwa ameomba kifuniko. Hakupewa. Banda lilivuja, na ninyi mnajua mvua za Aprili.

Shule ilipofunguliwa majani yalifika kiunoni. Akamimina petroli ile, akavuta kamba. Mashini ikakohoa, ikashika, ikalia kwa sauti ya juu kama mbu, dakika chache tu, ikakwama. Pistoni ilishikana na silinda. Karani akaitwa, akaja na mwenye stoo, wakasema: huyu hakutia oili. Mzee akasema nilitia. Wakasema mashini haisemi uwongo. Akakatwa mshahara miezi mitatu, na wakati ule alikuwa na mtoto mchanga. Hakuna aliyetazama ndani ya mtungi.

Baada ya wiki kadhaa fundi mmoja wa magari, mtu mzima, alipita pale akasikia habari. Akaomba chupa nyeupe, akamimina masalio ya mtungi. Wakakaa wakatazama. Juu ikasimama petroli yenye rangi ya oili, chini maji meupe safi. Oili ilikuwamo. Ilikuwamo siku zote, lakini ilikuwa juu. Mzee akapeleka chupa ile kwa karani. Karani akasema hesabu ya mwezi imekwisha kufungwa. Fedha zile hazikurudi mpaka leo, na mzee anasema kinachomwuma si fedha, ni kwamba aliitwa mwongo mbele ya watoto wa shule.

Sasa sheria ya leo yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, lakini ikiwa ni kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Makusudi, ndugu. Mtu aliyetia oili kwa kipimo katika petroli iliyogawanyika bila yeye kujua hakufanya makusudi. Mwanachama yeyote akiambiwa amekaanga injini, na apelekwe kukatwa, jambo la kwanza asitie sahihi karatasi yoyote. Jambo la pili, achukue petroli iliyobaki kwenye tangi na kwenye mtungi, aitie kwenye chupa nyeupe ya kioo, aifunge, aandike tarehe, na mtu wa pili aone. Chupa hiyo ailete kwa Katibu. Tukiwa nayo tuna la kusema. Tukiikosa tunabaki na maneno mawili, lake na la nyapara, na mnajua lipi hushinda.

Mmoja wenu alituuliza jana, atajuaje kama petroli aliyoinunua ina spiriti? Njia ipo, na haihitaji maabara. Tafuta chupa nyembamba ya kioo iliyonyoka pande zake, isiwe na shingo pana wala kitako kikubwa. Ipime kwa rula, uichore alama 10 zilizo sawa. Tia maji mpaka alama ya kwanza, kisha petroli mpaka alama ya kumi. Ifunge, itikise dakika moja, iache isimame mpaka itulie. Kama petroli ni tupu, mstari wa maji utabaki kwenye alama ya kwanza. Kama ina spiriti, spiriti itaiacha petroli iende kwa maji, na mstari utapanda. Petroli ya 10 katika 100 itaupandisha karibu na alama ya pili. Ukipanda zaidi ya hapo, umeuziwa kitu kingine. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na sigara, na petroli ya kupimia usiirudishe kwenye tangi.

Juu ya kuweka petroli, hatuna maneno mengi. Nunua ya kutumia mwezi mmoja, si zaidi. Mtungi uwe na kifuniko chake, na uwe umejaa karibu na juu, maana nafasi ya hewa ndiyo inayoleta unyevu. Mashini isiyofanya kazi zaidi ya wiki tatu au nne, mwaga petroli ya tangi, kisha iwashe iache ilie mpaka izimike yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Tunajua mwaona ni hasara kuimwaga petroli. Imimine kwenye motokaa yenye tangi kubwa, ikiwa si ile ya oili, itaungua humo bila neno. Kabureta mpya ya mashini ya majani ni ghali kuliko lita mbili.

Na kipimo kisizidi 10. Watengenezaji wengi wa injini ndogo wanaruhusu mpaka hapo tu. Marekani wana petroli ya 15 katika 100, na Serikali yao yenyewe imekataza kuitia kwenye pikipiki, mashini za bustani, na magari ya kabla ya mwaka 2001. Mtu akiwaambia Brazil wanatia zaidi ya 20 na magari yanakwenda, mwambieni magari yale yamejengwa hivyo kiwandani, na lako halikujengwa hivyo.

Basi Kamati yenu imepatana hivi, na tunawaomba mseme kama mnakubali. Kila mara habari za kuchanganya spiriti zinaporudi hapa nchini, nasi tupeleke barua kwa njia ya chama. Hatutasema isichanganywe. Tutaomba mambo matatu: pampu ya kituo iandikwe wazi kwa Kiswahili kuna sehemu ngapi za spiriti, pabaki petroli ya pili yenye kidogo au isiyo nayo kabisa, kama walivyofanya Uingereza, na isiuzwe kwa bei ya matajiri, na kila mwajiri anayempa mtu mashini ya petroli ampe pia mtungi wenye kifuniko. Hili la tatu Mwenyekiti alicheka, akasema kifuniko si jambo la kuandikia barua. Mzee wetu alikuwa ameketi nyuma. Akainua mkono akasema liandikwe la kwanza. Tumeliandika la kwanza.

Mashini zetu mbili za chama cha akiba zitakaushwa petroli Jumamosi saa nne asubuhi, nyuma ya ofisi ya tawi. Anayetaka kuona jinsi ya kufungua kikombe cha kabureta aje, na aliye na petroli anayoitilia shaka aje nayo kwenye chupa. Ufunguo wa stoo uko kwa Mweka Hazina.